Uso wa Dracula ulipatikana Tokyo. Je, kanda ya mamako iko wapi?

Wacha nianze kwa kuungama. Baada ya kuacha chuo nikiwa mwaka wa pili (karo ilikwama, hiyo ni stori ya siku nyingine), kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la muvi. Unajua aina hiyo ya duka: kibanda cha mabati, kompyuta moja inayonguruma kama kinu cha kusaga unga, na karatasi imebandikwa mlangoni, "Muvi moja mbao". Unaleta flashi yako, nakujazia, unaenda. Haikuwa halali na sijivunii. Lakini hapo ndipo nilipata somo ambalo mhadhiri hakunipa.

Jioni moja alikuja mzee fulani amevaa koti la kijivu, akaweka flashi yake kwenye kaunta na kusema, "Kijana, niwekee Dracula. Ile ya Christopher Lee."

Nikatafuta. Nikapata faili mbili. Jina moja, mwaka mmoja, 1958, waigizaji wale wale. Nikamuuliza anataka gani.

"Kwani hujui tofauti yake?" akauliza.

"Mzee, hizi ni sawa tu. Moja ni kopi."

Akacheka. Akaniambia nipeleke zote mbili hadi dakika za mwisho. Nikafungua ya kwanza: Dracula anapigwa na mwanga wa jua, anaanguka, anageuka majivu. Sawa. Nikafungua ya pili: mwanga ule ule, kuanguka kule kule, lakini kabla hajawa majivu Dracula anainua mkono, anaupeleka usoni, na ngozi inabanduka chini ya vidole vyake kama maganda ya kiazi kilichochemka.

Mzee akalipa mbao yake akaenda. Mimi nilikaa pale hadi saa tano usiku nikisoma. Sekunde zile chache zilikuwa zimetoka wapi? Na kwa nini faili moja inazo na nyingine haina?

Nikikupa jibu, utaelewa ni kwa nini siku hizi siwezi kuona kanda kuukuu ya video ikitupwa bila moyo kuruka.

Kwanza, hii Dracula ni gani?

Kama umezoea filamu za kutisha za leo, zenye simu inayolia na mlango unaojifunga, huenda hujakutana na zile za zamani zinazoitwa za gothiki. Hizi ni za ngome kuukuu, mishumaa, ukungu, makaburi na familia za kitajiri zenye siri. Hazina haraka. Hofu huja polepole kama baridi ya Julai.

Mwaka 1957, kampuni ndogo ya Uingereza iliyoitwa Hammer ilianza kupiga filamu kutokana na riwaya ya Bram Stoker, Dracula, iliyotoka mwaka 1897. Hawakuwa na pesa nyingi. Studio yao ilikuwa Bray, kando ya mto Thames, jumba kubwa la zamani na viwanja vyake. Mkurugenzi alikuwa Terence Fisher. Christopher Lee akawa Dracula na Peter Cushing akawa Van Helsing, daktari anayemwinda.

Watu wengi kabla ya hapo walikuwa wamemwona Dracula kwa rangi nyeusi na nyeupe tu. Hammer walileta rangi, na rangi yao kubwa ilikuwa nyekundu. Tena Dracula wa Lee hapigi domo. Anasema maneno machache mwanzoni anapompokea mgeni wake kwenye ngome, kisha hasemi tena hadi filamu iishe. Anatazama tu. Manze, hilo peke yake linatosha kukunyima usingizi.

Mwisho wake ni mojawapo ya miisho inayojulikana zaidi katika filamu za aina hii. Van Helsing anakimbia juu ya meza, anarukia pazia na kulivuta chini, jua linaingia. Kisha anachukua vinara viwili vya mishumaa na kuvipitanisha kuwa msalaba, ili kumsukuma Dracula kwenye mwanga. Hapo ndipo uso unapoanza kuharibika. Na hapo ndipo makasi yalipoingia.

Makasi ya London

Wakati ule, kila filamu Uingereza ilipaswa kupita mbele ya bodi ya wachujaji, BBFC. Filamu ya Hammer ilipewa daraja la X, yaani ya watu wazima tu, na bado bodi ikataka vipande vipunguzwe. Waliwasumbua mambo mawili: damu na mapenzi. Tukio la Dracula akimbanduka uso likafupishwa. Tukio jingine, ambapo Dracula anaingia chumbani kwa Mina, anamkaribia taratibu na kumpitishia uso wake shavuni kabla ya kumuuma, nalo likakatwa.

Hivyo ndivyo dunia ilivyoipata filamu hiyo. Marekani iliuzwa kwa jina tofauti kidogo, Horror of Dracula. Watu wakaipenda, Lee akawa nyota, na Hammer wakatengeneza nyingine nyingi.

Lakini kulikuwa na picha. Picha ya mnato ya Christopher Lee akiwa na uso ulioharibika kabisa, ambayo ilionekana kwenye magazeti ya mashabiki. Ukiangalia filamu, uso ule haumo. Sasa jiulize: kama haumo kwenye filamu, nani aliupiga picha, na kwa nini?

Ndipo uvumi ukaanza. Ilisemekana kuwa Hammer walituma Japani toleo kali zaidi, lisilochujwa sana. Kuna waliosema wameliona. Wengine waliwacheka. Kwa miongo mingi ilikuwa kama hadithi za mtaani kuhusu mtu aliyeona jini kule Mombasa: kila mtu anamjua mtu anayemjua aliyeona, lakini ukimtafuta mwenyewe humpati.

Mwaka 2007 Taasisi ya Filamu ya Uingereza, BFI, iliikarabati filamu hiyo. Picha ikawa safi, jina la asili likarudi, lakini sekunde za uso bado hazikuwepo.

Moto wa 1984

Sasa sikia hii. Nakala ya Japani ilikuwepo kweli. Ilikuwa imehifadhiwa Tokyo, katika hazina ya kitaifa ya filamu, National Film Center. Lakini mwaka 1984 ghala la hazina hiyo lilishika moto. Filamu nyingi za kigeni ziliteketea. Yeyote aliyejua habari hiyo alikuwa na haki ya kusema, basi, imeisha, tusahau.

Shabiki mmoja Mwingereza aliyekuwa akiishi Japani hakusahau. Mwaka 2011 alifuatilia, akauliza, akapata ruhusa ya kuangalia kilichobaki. Filamu hiyo ilikuwa imegawanywa katika rili tisa. Rili ya kwanza hadi ya tano zilikuwa zimeharibiwa na moto. Rili ya sita hadi ya tisa zilikuwa zimebaki, zikiwa na mikwaruzo, lakini zimebaki.

Tukio la Mina liko nusu ya pili ya filamu. Uso wa Dracula uko mwisho kabisa. Yaani moto ulikula nusu ambayo kila mtu tayari alikuwa nayo, ukaacha ile iliyokosekana. Ukiandika jambo kama hilo kwenye script, prodyusa atakuambia unadanganya.

Vipande vikasafirishwa, vikasafishwa na kuunganishwa na ukarabati wa 2007. Toleo jipya likaonyeshwa London mwaka 2012, na Machi 2013 likatoka kwa Blu-ray Uingereza. Ndani ya boksi hilo waliweka toleo la 2007, toleo jipya, na pia zile rili nne za Japani zikiwa vile vile zilivyopatikana, na makovu yake yote. Hata hivyo watu hawakukosa la kusema: baadhi ya mashabiki walilalamika kuwa rangi ya toleo jipya ina samawati mno. Binadamu ni binadamu.

Ndiyo maana kwenye kompyuta ya kibanda chetu kulikuwa na faili mbili. Moja ilitoka kabla ya Tokyo, nyingine baada ya Tokyo. Christopher Lee mwenyewe aliishi hadi 2015, kwa hiyo uso wake uliopotea ulirudi akiwa bado hai. Karibu miaka 55 baada ya kuupaka.

Ukikata, unaweza kuharibu zaidi

Unaweza kuniuliza, sekunde chache zina nini? Si filamu bado inaeleweka?

Tuchukue Frankenstein ya 1931, iliyoongozwa na James Whale, Boris Karloff akiwa yule kiumbe. Kuna tukio ambapo kiumbe anakutana na msichana mdogo, Maria, kando ya ziwa. Msichana hamwogopi. Wanacheza pamoja wakirusha maua majini na kuyaangalia yakielea. Maua yanapoisha, kiumbe anadhani na msichana ataelea. Anamrusha ziwani. Hakuna ubaya moyoni mwake, ni ujinga wa mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na anapoona msichana hatoki anachanganyikiwa.

Wachujaji walikata pale kiumbe anaponyoosha mikono kumshika. Waliona wanatulinda. Lakini baadaye kwenye filamu tunamwona baba yake akitembea mjini akiwa amebeba maiti ya mtoto. Kwa hiyo mtazamaji anaona mikono ya kiumbe ikimfikia msichana, kisha maiti. Sasa akili yako inajaza pengo yenyewe, na inajaza kwa jambo baya kuliko lile lililokatwa. Kwa miongo mingi watu walimwona kiumbe huyo kama mnyama tu. Kipande kiliporudishwa miaka ya 1980, hadithi ikabadilika: huyu ni mtu wa kuhurumiwa.

Sekunde chache. Na hukumu nzima ikageuka.

Waliopona na waliozikwa

Kuna filamu ambazo hazikupoteza sekunde, zilipotea zote. Na kuna zilizopaswa kufa zikakataa.

Nosferatu ya F. W. Murnau, Ujerumani, 1922, ilichukua hadithi ya Dracula bila ruhusa na kubadilisha majina. Mjane wa Bram Stoker, Florence, akaenda kortini. Mwaka 1925 ukatolewa uamuzi kwamba nakala zote ziharibiwe. Lakini filamu ilikuwa tayari imesafiri nje ya nchi, na kopi hazirudi kwa sababu hakimu amesema. Leo unaitazama bure kwenye simu yako. Nikiwa na mawazo ya duka letu, nakiri hilo lilinifanya nitabasamu, ingawa yule mama alikuwa na haki yake.

Halafu kuna Dracula ya Kihispania. Mwaka 1930, Universal walipokuwa wakipiga Dracula ya Bela Lugosi, kikundi kingine kiliingia studio hiyo hiyo usiku, kikatumia seti hizo hizo, na kupiga filamu hiyo hiyo kwa Kihispania. Mkurugenzi alikuwa George Melford, Dracula akawa Carlos Villarías, na mwigizaji mkuu wa kike akawa Lupita Tovar kutoka Mexico. Wa mchana wakitoka, wa usiku wanaingia, kama zamu za walinzi. Baadaye filamu hiyo ilisahaulika, na kopi iliyobaki Marekani ilikuwa na rili moja iliyooza. Kipande kilichokosekana kilipatikana Cuba. Ikatoka kwa video mwaka 1992, na watu wengi walioiona wakasema kamera ya usiku ilifanya kazi nzuri kuliko ya mchana.

Lakini si zote zina bahati. London After Midnight ya 1927, iliyoongozwa na Tod Browning na kuigizwa na Lon Chaney mwenye meno ya msumeno na kofia ndefu, haipo. Nakala ya mwisho inayojulikana iliteketea katika moto wa ghala la MGM mwaka 1965. Kilichobaki ni picha za mnato na karatasi. Mwaka 2002 runinga ya TCM ilijaribu kuijenga upya kwa kupanga picha hizo tu. Mwaka 2014 bango moja la filamu hiyo liliuzwa kwa mnada kwa dola 478,000. Fikiria: bango la filamu ambayo hakuna anayeweza kuitazama.

Na hiyo si ajabu ya pekee. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti kuhusu filamu ndefu za Marekani za enzi ya bubu. Kati ya karibu 11,000 zilizotengenezwa, asilimia 14 tu ndizo zilizobaki katika umbo lake la asili. Sababu? Kwanza, filamu za zamani zilitengenezwa kwa nitreti, kitu kinachoshika moto kama petroli na kuoza taratibu. Pili, sauti ilipokuja, za bubu zilionekana takataka. Studio nyingine ziliziyeyusha ili kutoa fedha iliyomo, yaani madini yenyewe ya fedha. Hakuna aliyedhani kuna mtu atakuja kuuliza.

Usidhani pia hazina hizi hujificha Tokyo na Havana tu. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba vipindi tisa vilivyopotea vya Doctor Who, tamthilia ya BBC ya miaka ya 1960, vilipatikana katika kituo cha runinga mjini Jos, Nigeria. Uingereza walikuwa wameshafuta kanda zao ili wazitumie tena. Afrika ilikuwa imeziweka tu rafuni.

Kutoka kwa rili hadi kwa kanda

Kabla ya kanda za video, kama ulitaka Frankenstein nyumbani kwako Marekani, ulinunua kipande. Kampuni ya Castle Films iliuza rili ndogo za milimita 8 zenye filamu nzima ya kutisha iliyofupishwa hadi dakika nane au kumi hivi. Unapata jini, unapata kelele, unaenda kulala.

Kisha ikaja VHS. Hapo kila mtu akaweza kuwa na maktaba, lakini kwa bei yake. Runinga za zamani zilikuwa na kioo karibu mraba, na filamu nyingi zilikuwa pana, kwa hiyo waliokuwa wakihamisha filamu kwenye kanda walikata kushoto na kulia. Mara nyingine unasikia mtu akizungumza na humwoni, amebaki nje ya fremu. Kwa hiyo mtu anapokuambia "nimeona filamu hiyo," swali la kwanza ni, toleo gani? Ya sinema, ya kanda, ya runinga, ya kabla ya kukarabatiwa au ya baada?

Lakini kanda hizo hizo mbovu ziliokoa mengi. Mara nyingine kopi mbaya ya shabiki, iliyorekodiwa kutoka runinga usiku wa manane, ndiyo inayobaki wakati kopi nzuri ya studio imepotea. Uhai wa kitu hautegemei ubora wake. Unategemea kama kuna mtu aliyekataa kukitupa.

Sasa turudi nyumbani

Hapa ndipo stori inaniuma, na ndiyo sababu ya kuandika.

Babangu alifariki nikiwa na miaka minne. Ninayo picha zake za karatasi, nne. Sauti yake siikumbuki. Lakini nilipokuwa nasoma kuhusu zile rili za Tokyo, nikakumbuka kitu: nyumbani kulikuwa na kanda. VHS nyeusi, karatasi yake imeandikwa kwa kalamu ya bluu, "Harusi". Harusi ya babangu na mamangu, 1997.

Nikampigia mamangu simu. "Mama, ile kanda ya harusi iko wapi?"

"Iko ocha, kwa sanduku la nyanyako. Kwani unataka kuoa?"

Nikaenda. Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, kanda ikiwa katikati ya vitambaa na vitabu vya shule. Kwenye dirisha lake dogo la plastiki niliona vidoa vyeupe kama unga. Kuvu. Sikujua wakati ule, lakini nimejifunza tangu hapo: ukiweka kanda yenye kuvu kwenye mashine, unaisambaza na unaweza kukata utepe. Namshukuru Mungu kwamba sikuwa na mashine.

Mashine zenyewe ni shida. Funai ya Japani, kampuni ya mwisho kubwa iliyokuwa ikitengeneza vichezeo vya VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo zilizopo ni zile tu zilizopo, na kila mwaka zinapungua. UNESCO ilitoa tahadhari mwaka 2019 kuhusu jambo hili hili: kanda za sumaku kote duniani zinakufa, na mashine za kuzisoma zinaisha kabla hata kanda zenyewe hazijaoza.

Nilizunguka Luthuli Avenue siku mbili. Fundi wa kwanza alinicheka. Wa pili alisema nilete, atajaribu kuipanguza na kitambaa, nikatoroka. Wa tatu alikuwa mzee mwenye miwani mizito na mashine mbili za Panasonic zilizofunikwa na shuka. Aliangalia kanda, akainusa, akasema, "Hii inatibika. Lakini usinikimbize." Ilichukua wiki mbili.

Aliponiita, alikuwa na uso wa daktari mwenye habari nusu. Kanda ilikuwa ya saa tatu. Harusi ilikuwa dakika 11. Zilizobaki zilikuwa mieleka.

Ndiyo. Mieleka ya runinga. Mtu alikuwa amerekodi juu ya harusi.

Nikampigia mamangu tena, nikiwa na hasira, nikitaka kujua ni mjomba gani alifanya hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Ni wewe. Ulikuwa na miaka sita. Ulipenda mieleka sana. Ulibonyeza kile kitufe chekundu. Nilipogundua nililia, lakini sikukuchapa. Ungejuaje?"

Sikuwa na la kusema. Nimewasema wachujaji wa London, nimewasema watu wa studio walioyeyusha filamu wapate fedha. Kumbe mimi mwenyewe nilishika makasi nikiwa na miaka sita.

Lakini dakika 11 zipo. Nyingi ni magari na matarumbeta. Katika dakika ya tisa hivi, mwenye kamera anamgeukia babangu na kumuuliza kitu ambacho hakisikiki. Babangu anacheka, anarekebisha tai, anasema maneno saba. Nimeyahesabu. "Leo mimi ndiye tajiri wa kijiji hiki." Kisha picha inaruka, na mtu mwenye chupi nyekundu anamrusha mwenzake nje ya ulingo.

Nimeiangalia mara nyingi. Mamangu ameiangalia mara moja tu, akasema ile tai ilikuwa ya kukopa.

Fanya hivi wiki hii

Sitakuhubiria sana. Mambo machache tu ambayo ningetamani mtu aniambie mapema:

Uliza nyumbani. Uliza mama, shosho, mjomba, yule shangazi asiyetupa kitu. Kanda za harusi, mazishi, ubatizo, michezo ya shule, hata zile ndogo za kamera. Usisubiri mpaka mtu ahame nyumba.

Ukiipata, usiicheze kwanza. Angalia kwenye dirisha lake. Ukiona vidoa vyeupe, ipeleke kwa fundi anayejua, na uulize atafanya nini kabla hajaigusa.

Nyuma ya kanda ya VHS kuna kijiti kidogo cha plastiki. Kivunje. Bila hicho, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Kama mtu angekuwa amekivunja kwetu, ningekuwa na saa tatu.

Ihifadhi pakavu, isimame wima kama kitabu, mbali na jua na mbali na spika kubwa zenye sumaku.

Ikishageuzwa kuwa faili, usiiache kwenye flashi moja. Flashi ni mwizi. Weka kopi kwa simu yako, moja kwa kompyuta ya mtu unayemwamini, moja kwenye intaneti. Na andika ni nani walio ndani na mwaka gani, kwa sababu wajukuu wako hawatajua.

Na kama unataka kuanza na Dracula wikendi hii, tafuta toleo lenye vipande vya Japani. Zima taa. Ukifika pale pazia linaposhuka na mkono unapopanda usoni, kumbuka sekunde hizo zilikaa Tokyo, zikanusurika moto, zikasubiri miaka mingi mtu mmoja mkaidi aende kuuliza kama bado zipo.

Halafu pumzisha filamu, uchukue simu, umuulize mamako.